Nairobi Ni Mji wa Mto, Mbona Tunauficha?

Leo sina vichekesho. Kuna kitu kimenikaa rohoni tangu wikendi na lazima nikitoe.

Cuzo wangu alikuja kutoka Kisumu. Nikasema wacha nijitoe, nikatulipia ile ziara ya nusu siku ya kuzunguka Nairobi. Mnaingia gari saa mbili asubuhi, saa saba mmerudishwa tao. Na sitadanganya, ilikuwa poa. Tulipanda juu kabisa ya KICC, tukaona mji wote. Makumbusho ya Reli tukaelezwa vile reli ilifika hapa 1899 na kambi ya wajenzi ikageuka kuwa mji. Tukapita Msikiti wa Jamia, City Market, hadi Archives pale Moi Avenue.

Halafu kiongozi wetu akasema jina Nairobi limetoka kwa Wamaasai: Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Cuzo akainua mkono kama yuko darasani.

"Na hayo maji yako wapi?"

Jamaa akacheka kidogo. "Siz, huko hakuna kitu ya kuona." Dereva akapandisha vioo. Hapo tulikuwa tunakaribia Globe, mto uko chini yetu kabisa.

Cuzo akanigeukia: "Sisi Kisumu mgeni akifika tunampeleka ziwani kwanza. Nyinyi mnafungia maji yenu dirisha?"

Maze, nilikosa jibu. Nimezaliwa hapa. Nimeshuti video River Road mara nyingi, nimewaongelesha hapa kuhusu filamu za Riverwood, na sijawahi kujiuliza hiyo "River" ni gani. Ni huu huu Mto Nairobi, mita chache tu kutoka dukani unaponunua simu.

Nikaenda kusoma. Mto unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu. Unapita Chiromo, unapita chini ya Museum Hill, Globe, Gikomba, hadi kati ya Korogocho na Dandora. Mbele unaungana na Athi, na maji yanamwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Sasa fikiria hivi: huku juu, ukisema unaishi Riverside watu wanajua una pesa. Huko chini, ukisema unaishi kando ya mto watu wanakuonea huruma. Mto ni mmoja.

Na hapa ndipo mimi nakasirika. Kitu kisichoonekana hakirekebishwi. Watu wengi tuliukumbuka mto 2024, mafuriko yalipokuja. Watu wakafa, nyumba zikabebwa, kisha serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka kwa mto wahame, na tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Waliovunjiwa nyumba hawakuwa wageni hapa. Ni vile tu miaka yote hiyo gari letu lilikuwa limepandisha vioo.

Najua mtaniambia mgeni hakulipa pesa yake anuse maji machafu. Sawa. Wengine mtasema kupeleka watalii mtaani kupiga picha za shida za watu ni ufala. Hapo nakubali mia kwa mia. Sitaki mtu ashushwe Korogocho apige selfi na mtoto wa mtu.

Lakini kati ya kuficha na kudhalilisha kuna njia nyingine. Michuki Park iko pale pale karibu na Globe, kando ya mto, na zamani ilikuwa dampo. Ikasafishwa, ikapandwa miti. Hiyo ni stori ya dakika ishirini, na gari linapita hapo tayari. Korogocho vijana waligeuza jaa la takataka kando ya mto kuwa bustani, kwa mikono yao. Kama ziara itafika huko, wao ndio waongoze, wao ndio walipwe, na waseme wanachotaka kusema.

Tena mbona tunajifanya wageni pekee ndio huzungushwa mji? Kwenye hilo gari Wanairobi tulikuwa wawili, mimi na dereva. Shule zinapeleka watoto kuona ndovu na twiga, na ni vizuri. Ni shule ngapi zimewapeleka kuona maji yaliyowapa jina la mji wao?

Jumapili kabla cuzo hajapanda basi tulitembea kwa miguu hadi Michuki. Maji bado ni meusi, na harufu ipo, siwezi kuwadanganya. Lakini kulikuwa na kivuli, ndege wanapiga kelele, na mzee mmoja amelala kwa nyasi kofia usoni. Cuzo akakaa kimya, kisha akasema, "Kumbe mko nao."

Tuko nao. Wikendi hii shuka Globe, tembea, uangalie mwenyewe.