Swali Lililotoka Kikwit Hadi Beni

Msomaji wa Butembo au Beni hahitaji kusimuliwa Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikafika hata eneo la afya la Alimbongo kule juu kwenye baridi, na ilipotangazwa kwisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Jambo tusilolisema sana ni kwamba dawa mojawapo iliyotuokolea ndugu chanzo chake ni mwalimu wa madaktari aliyebishiwa.

Mwalimu huyo ni Jean-Jacques Muyembe. Mwaka 1976, akiwa profesa kijana kutoka Kinshasa, alifika Yambuku palipozuka Ebola. Aliwatoa wagonjwa damu mikono mitupu. Kila alipochomoa sindano tundu halikuziba, damu ikamchuruzikia vidoleni. Akanawa kwa maji na sabuni, basi. Kisa hicho hukisimulia mwenyewe, pamoja na glavu alizokosa.

Kikwit, 1995, Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 wa Ebola damu ya waliopona, 7 wakapona. Wataalamu wa nje wakasema huo si ushahidi: wagonjwa ni wachache, na hakuna wa kulinganishwa nao. Kusema kweli, hoja yao ilikuwa na uzito. Muyembe hakulizika swali la kama damu ya waliopona inatibu, alilirithisha. Miaka 11 baada ya Kikwit, mtu mmoja aliyenusurika alitolewa damu, na humo ndimo ilimopatikana dawa ya mAb114. Sabue Mulangu, daktari Mkongo wa kizazi kilichomfuata Muyembe, alikuwa miongoni mwa walioifanya kazi hiyo.

Novemba 2018 majaribio ya dawa yakaanza Beni, halafu Butembo, Katwa na Mangina. Safari hii wa kulinganishwa walikuwepo: wagonjwa 681, dawa nne. Kati ya waliopewa ZMapp, mojawapo ya hizo nne, nusu walifariki. Kwa mAb114, 35 katika kila 100. Jina la kwanza kwenye ripoti ni la Mulangu.

Kwa hiyo toleo hili tumelitoa kwa walimu wa udaktari. Nchini mwetu mwanafunzi huuziwa silabusi, akaikariri, akaimwaga siku ya mtihani, na hakuna aliyemwambia ni wapi mwalimu mwenyewe amekwama. Tunaona hiyo ni hasara kubwa kuliko upungufu wa vitanda.

Madaktari mnaopokea wanafunzi wa mazoezi Alimbongo, Lubero, Oicha: tuandikieni swali moja mliloachiwa na mgonjwa, ambalo jibu lake hamjalipata hadi leo. Nafasi tumewawekea katika toleo lijalo.