Kiti cha Nduthi Si cha Kupiga Picha

Wasee wa nduthi, hii lazima niseme. Vile viti vyembamba vilivyonyooka kama ubao wa kupigia pasi, mnavyoweka ndio nduthi itoke poa kwa picha, vinatumaliza. Najua juu nilinunua kimoja.

Mimi ni mfupi, futi 5 na inchi 3, na sitaki pole ya mtu. Mwaka jana niliangusha nduthi nikiwa nimesimama tu kwa taa. Mguu wa kushoto ulitafuta lami ukapata shimo. Matatu nzima ikacheka. Kesho yake nikaenda Kirinyaga Road nikanunua kiti cha mtindo wa kafe resa, sponji kama chapati. Miguu yote chini! Picha ikatoka moto.

Halafu nikaenda Naivasha. Kufika Mai Mahiu nilikuwa naendesha nimesimama, kama mtu aliyekalia siafu. Sponji nyembamba ikishabonyea imeisha. Kila tuta linatoka kwa plastiki ya chini moja kwa moja hadi uti wa mgongo. Na ukishusha kiti na vikanyagio vibaki palepale, magoti yanakunjika zaidi. Beshte yangu niliyembeba alishuka akapanda matatu. Simlaumu.

Kitu hakuna mtu aliniambia: shida si kimo cha kiti peke yake, ni upana pia. Kiti kikiwa kipana mbele kinatanua mapaja, mguu unapotelea pembeni. Mwambie fundi achonge pande zote mbili karibu na tenki, achimbe kidogo tu pale unapokaa, aweke sponji ngumu, nyuma amwachie abiria yake. Mshono usipite chini ya matako, juu maji ya mvua huingilia hapo. Na si lazima nyayo zote ziguse chini. Wa kushoto ukikanyaga vizuri na wa kulia ukae kwa breki, inatosha.

Eti "zoea tu, kwani watu wa boda wanafanyaje?" Hebu angalia kiti cha boda. Kimejaa sponji, juu mwenyewe anakikalia kutoka asubuhi hadi usiku na hajali nani atamlaiki.

Changu sasa kina bonde katikati kama mgongo wa punda mzee. Sura hakina, lakini sijaanguka tena. Kile cha ubao kiko chini ya kitanda. Anayekitaka namwachia bure, bora akikalie mpaka Naivasha kwanza.