Mdudu wa gunia apigwe picha

Wiki iliyopita, kwenye mpaka mmoja, nilimkuta mama mwenye magunia ya mahindi amezuiwa kwa neno moja tu: "wadudu". Wadudu gani? Hakuna aliyemwambia, naye hakuwa na la kujibu.

Majina nayo hayasaidii. Tanzania tunasema dumuzi au Scania. Kenya wengi humwita Osama. Ni yuleyule, mgeni kutoka Amerika ya Kati, aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Taveta mwaka 1983. Fukusi ni mwingine kabisa.

Kwa macho matupu wote ni vidoa vyeusi vya milimita tatu au nne. Kwenye picha ya karibu hawafanani hata kidogo: fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga. Dumuzi kichwa chake kimeinama chini ya kifua, ukimtazama kwa juu hukioni, na nyuma yake ni kama amekatwa kwa kisu.

Lenzi ndogo ya kubana kwenye simu inatosha. Mweke mdudu juu ya karatasi nyeupe, rula pembeni, kivulini penye mwanga. Usivute picha kwa vidole. Isogeze simu yenyewe, polepole. Fanya hivyo kabla ya kupakia lori.

Picha si cheti cha afya ya mimea, najua. Lakini maofisa wa pande zote mbili waikubali kama mwanzo wa mazungumzo, na anayezuia mzigo aandike jina la mdudu aliyemwona. Yule mama alilala mpakani siku mbili.