Mtoto mwenye kisukari apimwe na presha pia



Nawaandikia kutoka Kicukiro, hapa Kigali. Kazi yangu ya kujitolea ni kuwapokea wagonjwa wanaotoka kambini na barua ya rufaa. Nawaonyesha njia, nawatafsiria, naketi nao kwenye foleni. Wapo watoto wenye kisukari, na nikifungua madaftari yao ya matibabu naona sukari imeandikwa kila safari. Presha mara nyingi haijaandikwa hata mara moja. Nikimuuliza mzazi, ananijibu: “Presha? Huyu si bado mtoto?”

Maoni yangu ni haya: mtoto mwenye kisukari apimwe presha, na mkojo wake upimwe, hata kama anacheza na kula vizuri. Tusingoje aumwe.

Ngoja nieleze sababu. Kisukari cha watoto wengi ni kile ambacho mwili umeacha kutengeneza insulini. Bila insulini, sukari haiingii mwilini kufanya kazi, inabaki kwenye damu. Ikikaa juu siku nyingi, inaharibu ngozi laini iliyo ndani ya mishipa ya damu. Mishipa inakuwa migumu, na mafuta yanaanza kuganda humo pole pole. Mishipa midogo ya figo na macho huumia, na mishipa mikubwa ya moyo na ubongo huumia pia. Presha ikipanda juu ya hayo, uharibifu unakwenda mbio zaidi. Mtoto hasikii maumivu yoyote. Anasikia akiwa na miaka 25 au 30, wakati ana mke au mume na watoto wanaomtegemea.

Mtu atasema: basi tutashughulika atakapokuwa mkubwa. Hapana. Huko Marekani na Kanada, kuanzia mwaka 1983 hadi 1993, madaktari waliwafuatilia wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina hii. Walikuwa na umri wa miaka 13 hadi 39. Nusu yao waliendelea na matibabu ya kawaida ya wakati ule, na nusu walitunza sukari yao kwa makini zaidi. Baada ya hapo wote walifundishwa kuitunza kwa makini, na tofauti ya sukari kati yao ikaisha. Lakini matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 yalionyesha kwamba wale waliotunza mapema walipata matatizo ya moyo na mishipa kwa asilimia 42 pungufu kuliko wenzao. Maana yake mwili unakumbuka. Miaka ya mwanzo ikitunzwa vizuri, moyo unafaidika hata baadaye. Na ikipotea, hairudi.

Msiseme hayo ni ya Ulaya na Marekani. Hapa Rwanda tuna Chama cha Wagonjwa wa Kisukari, kinachojulikana kwa jina la ARD, kilichoanzishwa mwaka 1997. Kwa msaada wa programu ya Life for a Child, chama hicho kimewafikishia watoto na vijana wengi insulini na vipimo. Watafiti walipowapima vijana hao, waliwakuta wengi wana sukari ya juu sana. Wengine tayari walikuwa na presha, na wengine walikuwa na protini kwenye mkojo, ambayo ni dalili ya kwanza ya figo kuumia. Hao ni vijana wetu, wanakula ugali na maharage kama sisi.

Mimi mwenyewe nimemsindikiza binti wa miaka 16 aliyekuja na uso na miguu iliyovimba. Alikuwa na kisukari tangu akiwa na miaka 8. Mama yake hakuwahi kukosa kuchukua insulini, hata siku za mvua. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia kwamba mkojo na presha vinapimwa. Figo zilikuwa zimeshaumia sana. Mama huyo hakuwa mzembe, alikosa habari tu. Ndiyo maana naandika.

Sasa, ukienda na mtoto zahanati, uliza mambo haya bila aibu:

1. Presha ya mtoto ni ngapi leo? Iandikwe daftarini. Ipimwe angalau mara moja kwa mwaka, na ikiwezekana kila anapokwenda kliniki.

2. Je, mkanda huu unamtosha? Mkanda mpana wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba wa mtoto unaonyesha presha ya chini kuliko ilivyo kweli. Pia namba za watu wazima si za watoto. Presha ya 120 kwa 80 tunaiona ya kawaida kwa mkubwa, lakini kwa mtoto wa miaka 6 iko juu.

3. Mkojo utapimwa protini lini? Kwa kawaida huanza mtoto anapofika miaka 11 au anapobalehe, akiwa ameishi na kisukari miaka michache. Hapo hapo uliza kuhusu macho na mafuta ya damu.

4. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu kinapatikana wapi? Cha kidoleni kinaonyesha sukari ya saa hiyo tu.

Nyumbani pia kuna kazi. Chumvi ipungue kwenye sufuria ya familia nzima, msimtenge mtoto na sahani yake. Mafuta ya kupikia tuyapime kwa kijiko, tusimimine. Asivute sigara, na wakubwa wasivute ndani ya nyumba yenye mtoto huyo. Na mwacheni acheze mpira! Moyo unataka mazoezi. Apime sukari kwanza kama kipimo kipo, na awe na kitu kitamu mfukoni, maana sukari inaweza kushuka akikimbia. Hapa Kigali, tangu mwaka 2016, kuna Jumapili ambazo barabara kadhaa hufungwa magari, watu wanakimbia na kupimwa presha na sukari bure. Kambini hatuhitaji kufunga barabara. Uwanja upo, na mpira wa makaratasi unatosha.

Naomba jambo moja kwa wanaotuhudumia. Najua fedha za misaada zimepungua. Lakini mkanda mdogo wa presha ni kitu kimoja kinachotumika kwa watoto wote kwa miaka mingi, na vijiti vya kupima mkojo si ghali ukilinganisha na gharama ya figo zilizokufa. Kila zahanati ya kambi iwe navyo. Na safari ya rufaa isiahirishwe kwa sababu mtoto “anaonekana mzima”.

Kwenu wazazi: insulini isikatizwe hata siku moja, hata mtoto akiombewa, hata akipewa dawa ya miti shamba. Nimesikia wanaosema amepona. Kisukari hiki hakijapata dawa ya kukiponya, ila mwenye kukitunza anaishi, anasoma, anaoa au anaolewa, na anazeeka. Hicho ndicho tunachowatakia watoto wetu. Wiki hii fungua daftari la mwanao, utafute ukurasa wenye presha. Kama haupo, mpeleke akapimwe.