Matanga Bila Harusi

Wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga. Huko Marekani, ilikozaliwa BankAmericard mjini Fresno mwaka 1958, msemo huu umepinduliwa: hata asiyeiona harusi hupelekewa matanga. Kadi ya mkopo ikikaa bila kutumiwa, benki yaweza kuifunga, na sheria ya shirikisho haiilazimishi kumwarifu mwenyewe kwanza.

Sababu haifichiki. Benki hula riba ya deni na ada ya kila ununuzi. Kadi iliyolala haileti hata senti, ilhali ahadi ya kukopesha ni hatari iliyo wazi, hasa uchumi unapoyumba kama ulivyoyumba mwaka 2008.

Watatwambia hiyo ni biashara, si sadaka. Tumekubali. Lakini mbona adhabu imwangukie mteja? Kikomo kikifutwa, deni alilonalo katika kadi nyingine huonekana kubwa mbele ya mkopo uliobaki, na alama zake za kuaminika huweza kushuka. Kosa lake ni kujizuia!

Biashara inayoadhibu kukinai isijipambe kwa jina la uaminifu. Anayefungiwa mlango na aambiwe kabla. Huo ndio uungwana. Na pasipo uungwana, sheria iamuru.