Mazungumzo ya Nyumbani: Nusu ya Majani Ghalani



Mwalimu mmoja ametuandikia kwamba watoto wa darasa lake walisoma kitabuni habari za majira ya kuchipua katika nchi za baridi, wakamwuliza, "Je, watu wa huko hulala usiku penye theluji, wakaamka asubuhi na kukuta maua?" Naye hakuwa na la kuwajibu, maana hata yeye alidhani hivyo. Swali hili ni jema, tena lina mafundisho kwa kila nyumba. Basi mwezi huu twataka kulijibu, na mfano wetu ni nchi ya Uingereza, kwa jinsi wakulima wake walivyoishi zamani.

Majira hayabadiliki kwa usiku mmoja. Yaja polepole, kama mgonjwa apataye nafuu: leo ameketi, kesho amelala tena, kesho kutwa ameomba uji. Mwishoni mwa Desemba mjini London mchana wote ni muda wa saa 8 tu, wala hazitimii. Ifikapo tarehe 2 Februari mchana umepata saa 9 na robo hivi. Na karibu na tarehe 20 Machi mchana na usiku hulingana. Sisi tukaao karibu na ikweta, ambao mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima, ni vigumu kwetu kufahamu jinsi watu wa huko wanavyoifurahia kila dakika ya nuru inayoongezeka. Hata neno la Kiingereza litumiwalo kwa Kwaresima, asili yake ni jina la kale la majira hayo, nalo lahusika na kurefuka kwa siku.

Hiyo tarehe 2 Februari ni Sikukuu ya Mishumaa, ukumbusho wa mtoto Yesu alipoletwa hekaluni, nayo ni siku ya 40 tangu Krismasi, ukiihesabu na Krismasi yenyewe. Imepata jina lake kwa kuwa mishumaa hubarikiwa kanisani siku hiyo. Lakini kwa mkulima wa zamani ilikuwa pia siku ya hesabu. Aliingia ghalani akatazama yale majani makavu aliyoyakata wakati wa joto ili ng'ombe na kondoo wapate kula wakati wa baridi. Kanuni waliyoachiwa na wazee wao ilikuwa hii: siku hiyo nusu ya majani haina budi kuwapo bado.

Labda msomaji atasema, "Mbona nusu? Baridi si inakwisha? Siku si zinarefuka?" Ndiyo, lakini nuru hutangulia, na joto hufuata nyuma yake kwa mbali. Nchi iliyopoa miezi mitatu haipati moto kwa siku mbili za jua, na nyasi hazianzi kukua vema mpaka udongo ufikie joto la digrii 5 au 6 za Selsiasi. Basi tangu siku macho yanapoona nuru hata siku ng'ombe atakapopata malisho, ni majuma mengi. Hatari iliyo kubwa haiko katikati ya baridi, wakati kila mtu anapojihadhari. Iko mwishoni, wakati moyo umekwisha kusema, "Tumevuka."

Mwaka 1947 jambo hili lilionekana wazi. Theluji ilianza kuanguka kwa wingi katika juma la mwisho la Januari, nayo baridi haikuachilia nchi mpaka katikati ya Machi. Februari ya mwaka ule ndiyo iliyokuwa na baridi kuliko Februari zote katika hesabu za hali ya hewa za Uingereza ya kati, nazo zaanzia mwaka 1659. Kisha mapema mwezi wa Machi, watu walipokuwa wakitazamia nafuu, ikaja dhoruba kubwa ya theluji. Na theluji ilipoyeyuka kwa ghafula, mito ikafurika. Kondoo wengi mno waliangamia, wengine kwa kufukiwa milimani, wengine kwa njaa. Katika mwaka wa namna ile, nusu ya majani iliyobaki ghalani haikuwa choyo cha mwenye mali. Ilikuwa uhai wa kundi.

Tena mkulima hakukaa bure akingoja. Miezi ile ilikuwa na kazi zake, na kila kazi ilikuwa na wakati wake. Mitofaa ilipogolewa ingali imelala bila majani. Nyua za miti zilizozunguka mashamba zilikatwa na kulazwa na kusukwa kabla ya ndege kujenga viota. Vyombo vilinolewa. Kondoo jike huchukua mimba karibu miezi mitano; basi mchungaji wa milimani, ambako nyasi huchelewa, alimwachia kondoo dume aingie kundini karibu na tarehe 5 Novemba, ili wana-kondoo wazaliwe karibu na tarehe 1 Aprili, si mapema zaidi. Aliyefanya haraka alizalishiwa wana-kondoo penye jalidi, na mama zao hawana maziwa.

Ndivyo ilivyo na shamba pia. Udongo wa mfinyanzi ukilimwa ungali umelowa hushikamana, na ukikauka huwa mabonge magumu kama matofali, hata mazao ya mwaka ule yakapata hasara. Kwa hiyo mtu mwenye akili huuchukua mkononi na kuufinya. Ukibaki donge, hurudi nyumbani. Ukivunjika-vunjika, huleta mbegu. Hata maua yakiwa yamejaa kila mahali, mwezi wa Aprili na wa Mei ulikuwa wakati wa uchache katika bustani, maana viazi na kabichi za akiba zimekwisha, na mboga mpya hazijakomaa. Mama wa nyumba aliyesahau hayo mwezi wa Februari, watoto wake waliyakumbuka mwezi wa Mei.

Twayasema haya wala si kwa kujiona, kwa kuwa sisi wenyewe tumekosa vivyo hivyo katika nchi yetu isiyo na theluji. Miezi ile ile ya Februari na Machi, sisi nasi twangoja, ila sisi twangoja masika. Mwaka mmoja mvua ilitunyeshea siku tatu katikati ya Februari. Tukafurahi, tukatoa mbegu zote za mahindi, tukapanda shamba zima kabla ya jirani zetu, tena tukawacheka kidogo. Jua likarudi. Mahindi yakaota kidole kimoja, yakanyauka yote. Masika yalipokuja mwishoni mwa Machi, hatukuwa na hata punje moja ya kutia ardhini.

Tukaenda kwa bibi mmoja jirani yetu, mjane, ambaye mahindi yake ya mbegu yalikuwa bado yamening'inia juu ya meko, meusi kwa moshi. Hatukuweza kumtazama usoni. Akayashusha mafungu mawili, akasema, "Chukueni, wanangu. Mvua ya kwanza ni mgeni, masika ndiye mwenyeji. Mgeni hapewi funguo za ghala." Hakutukemea zaidi ya hapo. Mavuno ya mwaka ule tuliyala kwa fadhili zake, na tangu hapo hatujamcheka mtu angojaye.

Basi twawaomba, enyi baba na mama, jichagulieni siku moja kila mwaka, katikati ya muda wa uhaba, iwe siku yenu ya hesabu. Ingieni ghalani pamoja na watoto. Pimeni kilichobaki, hesabuni majuma mpaka mavuno, na mbegu mziweke mbali na chakula, mahali ambapo kila mtoto ajua kwamba hapaguswi. Wahenga walisema, akiba haiozi. Na siku mvua ya kwanza itakaponyesha, ifurahieni, kingeni maji, noeni majembe. Lakini ushikeni udongo kwanza mkajue umelowa hata wapi.

Nawe mwalimu, uwaambie watoto wako hivi: watu wa huko hawaamki asubuhi moja wakakuta maua. Huamka asubuhi nyingi, wakakuta dakika chache tu za nuru zimeongezeka, nao huenda ghalani kutazama kama nusu ya majani ingalipo.

Twawaaga mpaka mwezi ujao. Kaeni kwa amani.