Mdimu wa Uani Ugeukapo Manjano

Katika nyua za Mji wa Kale wa Mombasa, huko Kibokoni na Kuze, nafasi ya miti ni haba. Mara nyingi mti wa nyumba huwa mmoja tu, nao ni mdimu. Uanzapo kugeuka manjano na kupukutisha ndimu changa, mwenye nyumba huwaza mambo mawili: kuumwagia maji kila jioni, au kuukata. Yote mawili yaweza kuwa ni kuuonea, kwani yamkini mti hauna kiu, bali una njaa na chakula ki karibu nao.

Hapana budi kwanza kuyatazama majani. Ikiwa machanga ndiyo yenye umanjano, na mishipa yake ingali kijani, mti umepungukiwa na chuma. Yakitangulia makongwe, unataka samadi. Na ncha zikiungua kama zilizopitishwa motoni, na yaonjwe maji ya kisima: miti ya jamaa ya mdimu haistahimili chumvi.

Ugonjwa wa kwanza ndio hasa wa mahali hapa. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, nayo matumbawe asili yake ni chokaa. Nyumba nazo zilijengwa kwa mawe hayo hayo na kupakwa chokaa. Fundi atengenezapo ukuta, kifusi humwagwa penye shina, kana kwamba mti ni jaa. Chuma kimo udongoni, lakini chokaa hukizuia, mizizi isiweze kukifyonza. Ndiyo maana ile desturi ya kuzika misumari yenye kutu haifai kitu hapa. Chuma hicho nacho hufungwa vile vile.

Kifusi na kiondolewe chote. Saruji iliyolibana shina ivunjwe polepole, kwa maana mizizi ya mdimu haiendi chini sana. Kisha yatandazwe majani makavu na samadi iliyokwisha kuoza, ila visiguse shina, lisije likaoza gome. Maji yawe matamu, ya mvua au ya mfereji, mengi kwa mara moja, na udongo uachwe ukauke juu kabla ya kumwagilia tena. Matawi makavu yakatwe. Mabichi yaachwe, hasa wakati wa kaskazi, kwani jua la Januari na Februari huunguza gome lisilo na kivuli.

Asiyeamini nguvu ya majani yaliyooza na aende Bamburi, bara, kaskazini ya kisiwa. Mwaka 1971 Bwana René Haller, Mswisi, alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe. Mivinje ikashika, majani yakaanguka, na jongoo walioletwa wakayala na kuyageuza udongo. Leo pana msitu. Basi jongoo aonekanaye chini ya mdimu asiuawe.

Majani yaliyokwisha kuwa manjano huenda yasirudi tena. Ya kutazamwa ni machipukizi yatokayo baada ya mvua za Aprili na Mei. Yakitoka kijani, mti umo njiani kupona, japokuwa ndimu bado. Yakitoka manjano, na aulizwe bwana shamba dawa ya chuma iliyotengenezwa kwa ardhi ya chokaa, wala si ile ya kila ardhi. Shoka na lingoje masika mawili.